Herufi Miguu Juu

Kadutu, Bukavu, 22 Septemba 1957

Shemeji Gaston,

Jambo kwako na kwa Euphrasie bibi yako. Sisi huku tuko, tunapumua. Mama yako, nkambo wa Bibiane, magoti inamusumbua tangu mvua ilianza, lakini kinywa yake haina ugonjwa. Kila asubuhi anauliza kama huko Kamituga kalamu ilikwisha, ju mutoto wake karani hamuandikii hata mustari moja. Kaburi ya Déogratias, ndugu yako na bwana yangu, nimeipalilia siku ya Mungu iliyopita. Maua imeshika. Ile kuku ya shingo wazi imeibiwa, na mwizi ninamujua, lakini tuko naye mu kwaya moja.

Sasa neno yenyewe. Théodore dereva amenifikishia maneno yako, na alicheka wakati alikuwa anaisema, ndiyo ujue. Eti nisisahau. Shemeji, nitasahau je? Siku tulitoka mu kilio ulisimama mbele ya bazee na tai yako, ukasema: Bibiane akipanda mwaka ya pili mu mwezi ya sita, atabaki kwa mama yake. Asipopanda, atakuja Kamituga kukaa kwako, ju mama yake aliishia ku «Baba Yetu», hawezi kulea mutoto wa masomo. Miye nilinyamaza. Wewe ulisema nimekubali. Nilinyamaza ju nilikuwa na bugali mu kinywa.

Lakini bazee balisikia na mama yako alisikia, basi iwe vile. Mwezi ya sita.

Bibiane ameanza mwaka ya kwanza kwa masera, batawa ba misheni. Mwalimu wake ni Mademoiselle Jeanine, binti mwembamba na sauti ya mwanaume. Siku ya kwanza aliita bamama bote, akasema: «Mutoto akirudi nyumbani, mukae naye kila siku na kitabu. Hata kidogo. Hata kama ninyi benyewe hamujui mingi, mukae naye tu.» Bamama bengine bakacheka. Miye sikucheka. Niko na miaka mbili ya katekisimu na moja ya kushona. Siyo mingi, lakini siyo bure.

Basi kila siku saa sita, wakati ninapika maharagi ya bafundi ya kujenga, ninasomesha Bibiane. Kitabu ninaishika ku magoti yangu miye, ju ni ya masera, ikipata moto ao mafuta tutajibu. Mukono moja iko na mwiko, mukono ingine iko na kijiti ya fagio ya kuonyesha herufi. Bibiane anakaa ng'ambo ya mbabula, jiko yangu ya makaa, anatazama na macho kama ya paka. Na anashika, Shemeji! Leo amesoma «mama» bila kukwama, nikaacha maharagi iungue.

Uniandikie kama uko na neno ya akili. Kama ni kiburi, itupe kulekule. Kamituga iko na mashimo mingi.

Miye Adolphine, mama Bibiane

*

Kamituga, 30 Oktoba 1957

Bibi Adolphine,

Salamu kwako na kwa mama yangu mzazi. Hapa tu wazima. Euphrasie ameshona mapazia mapya ya sebuleni. Mimi nimekabidhiwa mashine ya pili ya kuandikia, kwa sababu Bwana Directeur anajua ni nani anayeweza kutumia mbili.

Barua yako ilikaa njiani wiki tano, na baada ya kuisoma ningependelea ikae zaidi. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu, nami nakurudishia. Makosa ni sitini na matatu. Mtu haandiki «mutoto», huandika «mtoto». Haandiki «bazee», huandika «wazee». Hiyo u yako umeiokota wapi? Sokoni Nyawera, nadhani, katika mafungu ya ndagala. Na mwenye kuandika hivyo ndiye mwalimu wa binti wa marehemu ndugu yangu!

Kitabu mkono huu, mwiko mkono ule. Kumfundisha mtoto si kukoroga uji. Mtoto wa watu waliostaarabika husomea mezani, juu ya kiti chenye mgongo, mikono ikiwa imenawa, na anayemfundisha awe anajua kitu. Hapa kwangu kitanda chake kipo, chandarua kipo, meza ipo, uma na kisu vipo. Hakosekani ila yeye mwenyewe.

Ninakuagiza umpeleke kwa mpiga picha, akiwa amevaa viatu na soksi nyeupe, unitumie picha mbili kabla ya Noeli. Sababu si yako kuijua.

Gaston, Karani wa Daraja la Kwanza

*

Kadutu, 8 Desemba 1957

Shemeji,

Jambo. Nkambo iko, anakusalimia kuliko vile unasitahili. Bati ya jikoni imetoboka na mvua inaingia mpaka ku unga. Njia ya Mwenga ilikatika tena, ndiyo maana ninachelewa kukujibu. Na kidogo ju sikuwa na haraka.

Barua yangu ilirudi kwangu na damu mingi. Mama yako aliona ile wino, akauliza: «Nani amejikata?» Nikamuambia ni Gaston anasahihisha. Akasema: «Hata mu tumbo alikuwa anapiga teke.»

Unauliza ile u nimeitoa wapi. Nimeitoa mu kinywa ya mama yako. Anasema mutoto, anasema muzee, alikuita mutoto wewe mwenyewe miaka kumi na tano, na ulikuwa unaitika. Umuandikie, umusahihishe. Weka wino mingi, yeye haogopi. Ile karatasi yako nimefunga nayo karanga. Karanga haikuona makosa.

Picha haiko. Viatu haiko. Kama sababu siyo yangu kuijua, basi na picha siyo yangu kuituma.

Masomo iko inaenda. Usiulize mingi.

Salamu ya Noeli kwa Euphrasie, kwa moyo yote.

Adolphine

*

Kamituga, 19 Januari 1958

Bibi Adolphine,

Heri ya mwaka mpya kwa mama yangu. Kwako nitaona baadaye.

«Masomo iko inaenda.» Inaenda wapi? Ulidhani Kamituga hakuna masikio? Sophie, mdogo wake Euphrasie, hufua nguo za masera, na yeye hanifichi kitu. Amekuja hapa kwa Noeli, akatueleza mezani mbele ya wageni, hata nikaona aibu ya kushika uma.

Ati Bibiane anaandika herufi m miguu juu, kama mende aliyekufa. Ati ameandika «mama» ubaoni, na mwalimu akasoma «wawa». Mtoto asiyeweza kuandika mama! Ati akipewa kitabu anakigeuza kichwa chini, halafu anakaa akidai anasoma, na darasa zima linaanguka kwa kicheko. Sasa ameketishwa nyuma, peke yake, kama kopo la maji.

Hayo ndiyo matunda ya mbabula yako. Hata mbuzi ukimpa karatasi, hataisoma, lakini hatajisifu. Bibi, sisemi kwa hasira, nasema kwa kuchoka: wewe ni mwanamke wa maharagwe. Pika maharagwe. Kichwa cha mtoto si chungu.

Sitangoja Juni. Wakati wa Pasaka atakuja Kamituga.

Gaston

*

Kadutu, 9 Februari 1958

Shemeji Gaston,

Nkambo magoti yake imepata nafuu na dawa ya majani. Mapacha ya jirani yetu Adélaïde balibatizwa. Bibiane alikohoa siku tatu, nikamupaka mafuta ya mawese, imekwisha.

Ndiyo, nilikuficha. Niliogopa. Tangu mwezi ya kumi na moja Mademoiselle Jeanine alikuwa ananiita, ananionyesha ile m na miguu yake juu. Nikapeleka mutoto ku dispanseri. Munganga akamuonyesha vidole, akahesabu yote, akasema macho ni ya tai. Jirani akaniambia ni kijicho ya mutu wa ukoo. Nikamujibu: mutu wa ukoo mwenye kijicho ninamujua, anakaa Kamituga, lakini yeye hana nguvu ya kufika mpaka hapa. Nilicheka naye, kisha nikaingia mu nyumba, nikalia. Ju Bibiane nyumbani anasoma! Anasoma mbio kunipita! Ku masomo anakuwa mupumbafu. Nikawaza mutoto wangu banamubadilisha mu njia.

Basi sikiliza vile ilitokea, usiisikie tena kwa Sophie ya kufua.

Mu mwezi ya kwanza, siku ya ine ya juma moja, saa sita, Mademoiselle mwenyewe akafika kwetu. Sikuwa na kiti ya mutu kama yeye. Akasema: «Mama Bibiane, usisumbuke. Mufanye vile munafanyaka kila siku. Miye ninatazama tu.»

Nikakaa. Bibiane akakaa ng'ambo ya mbabula. Nikafungua kitabu ku magoti yangu, nikaweka kijiti chini ya neno. Na Bibiane akaanza: «Ma-ma a-na-fu-ma ki-ka-po. Ba-ba a-na-li-ma sha-mba.» Hakusimama hata mara moja. Nkambo akapiga makofi.

Mademoiselle akasema: «Bibiane, simama.» Akakaa yeye ku kigoda ya mutoto, na gauni yake safi, karibu na majivu. Akatazama kitabu toka kule.  Kisha akaanza kucheka, Shemeji, akacheka mpaka machozi ikatoka. Nikasema mu roho: basi, na huyu anatucheka.

«Mama,» akasema, «zunguka, uje huku. Uone kitabu yako.»

Nikazunguka mbabula. Nikainama pahali mutoto anakaaka. Herufi yote ilikuwa inasimama kwa kichwa.

Miezi ine! Miezi ine nilikuwa ninamuonyesha mutoto kitabu kwa upande wangu, ju ya kuogopa isiungue, na yeye alikuwa anaishika vile anaiona, toka ng'ambo. Mademoiselle akapanguza macho, akasema: «Huyu mutoto hana ugonjwa. Anasoma kupita benzake bote. Anasoma toka upande ya pili.» Na akamukumbatia mbele yangu. Bibiane akauliza: «Basi m yenu ninyi ndiyo inalala miguu juu?»

Sasa wewe, Karani wa Daraja la Kwanza, uliyemufananisha na mbuzi. Twaa barua ya Directeur wako, igeuze kichwa chini, uisome mbele ya bageni bako bila kukwama. Ukiweza, uniandikie. Mutoto ya miaka saba anaweza.

Mademoiselle alitaka tumugeuze siku moja. Tukajaribu. Bibiane akalia, akasema herufi zinaanguka. Basi nimefanya kwa akili yangu ya maharagi. Kila siku ya Mungu ninasogeza kigoda yake kiganja moja, kuzunguka moto. Leo iko inaelekea mulango, na anasoma kitabu kwa ubavu, shingo imepinda kama ya kuku. Haizuru. Ninahesabu: kabla ya mwezi ya sita atakuwa amefika ku goti yangu, tutatazama pamoja.

Na Pasaka usinitishe nayo. Neno ilikuwa mwezi ya sita. Ulisema wewe, mbele ya bazee, na tai.

Adolphine

*

Kamituga, 20 Machi 1958

Bibi,

Nitafika Jumamosi kuu kwa ajili ya hati zangu za ofisini. Nitalala nyumbani kwa marehemu ndugu yangu, mahali nilipo na haki. Nahitaji meza isiyotikisika. Nitaleta viatu vya mtoto mimi mwenyewe, kwa kuwa vinginevyo havitapatikana.

G.

*

Kadutu, 27 Aprili 1958

Shemeji,

Ulirudi salama, Théodore ameniambia. Sisi tuko. Meza uliyoiita «punda mwenye miguu mitatu» bado inasimama. Sosi uliyosema haina chumvi ulikula sahani mbili. Viatu ulileta vinafika nusu ya kisigino. Ulimupima Bibiane na mutoto gani? Nimemupa jirani.

Ninakuandikia ju kuna kitu kilifanyika mu nyumba yangu, na wewe ulikuwa pale, hukuiona.

Siku ya pili ya Pasaka, kisha kula, ulikaa ku meza na makaratasi yako. Ulikataza tusiongee. Bibiane alikuwa mbele yako, upande ingine ya meza, anamenya mbegu ya maboga. Uliandika, ukafuta, ukaandika. Uliniambia: «Mbona huyu mtoto anatikisa midomo kama sungura? Mfundishe adabu.» Unakumbuka? Nikamuambia anyamaze, na hakuwa amesema kitu.

Ulipokwenda, akanifuata ku maji. «Mama, papa mukubwa aliandika jina yangu.»

«Umejua namna gani?»

«Nilisoma. Ilikuwa miguu juu, kama yetu ya zamani. Anaandika kubwa-kubwa, inaonekana.»

Ndiyo, Shemeji. Mwandiko yako ni safi. Bote banaisifu.

Nikamuuliza jina yake ilikuwa na maneno gani. Akafunga macho, akaimba vile alisoma: «Ma file Bibiane. Eleve chezi moyi.» Akarudilia mara tatu, haikubadilika.

Tukakaa na mama yako, tukawaza. Eleve tunajua, ndiyo vile masera banaita batoto ba masomo. Lakini chezi moyi? Nkambo akasema: «Ni cheza moyo. Gaston anasema mutoto wa ndugu yake anamuchezesha moyo.» Na akapanguza macho na kitenge, muzee wa batu, kwa furaha.

Shemeji, siku mbili nilikuonea mema. Ninasema kweli. Nilisema: kumbe chini ya tai kuko mutu. Nilianza kukufumia kikapo.

Siku ya tatu nikabeba ile maneno mu kinywa, polepole kama mayai, nikaifikisha kwa Mademoiselle Jeanine. Safari hii hakucheka. Akaniuliza mara mbili nani aliandika vile. Kisha akaniambia: «Mama, siyo moyo. Ni Kifaransa. Ni: binti yangu Bibiane, aliyelelewa kwangu, mu nyumba yangu.»

Binti yako. Aliyelelewa kwako.

Na akanieleza ingine. Eti kuko kamisioni ya bazungu, inapita mu nyumba ya ule anaomba karatasi ya kuhesabiwa pamoja nao. Inafungua kabati. Inatazama choo. Inahesabu uma na kisu. Inauliza batoto banasoma wapi. Nyumba haina mutoto wa masomo, karatasi inakuwa nguvu kupata. Pale nikaelewa yote: picha mbili, soksi nyeupe, kitanda na chandarua.

Kumbe haikuwa ju ya herufi. Haikuwa hata ju ya damu ya Déogratias. Mutoto yangu ni uma moja yenye inakosekana ku meza yako.

Euphrasie simukasirikii, ninajua vile amelia mbele ya Bikira miaka yote ju ya mutoto. Lakini wewe! Unanihesabia makosa sitini na tatu, na wewe unaandika uongo bila kosa hata moja!

Kikapo nimeuza.

Adolphine

*

Kamituga, 25 Mei 1958

Bibi Adolphine,

Salamu kwa mama yangu, na umwambie magoti yapakwe mafuta ya moto. Euphrasie ana homa kidogo.

Barua yako ina ukali usiofaa kwa mwanamke. Yale aliyoyaona mtoto yalikuwa rasimu, na rasimu si barua, jambo ambalo watu wa ofisi wanalielewa. Maneno ya Kifaransa ni mazito, hayachukuliwi kinywani kama mayai. Kwa desturi yetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Kwa hiyo sikusema uongo, nimetafsiri desturi.

Tume hiyo itakuja kwangu tarehe kumi na mbili Julai. Siombi mengi. Wiki mbili tu, halafu tutaona. Nimesema kwa watu kwamba yupo, na mimi si mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu.

Nakujulisha pia jambo ambalo pengine mwalimu wako mcheshi hakukueleza. Buletini ya mwisho wa mwaka, yaani cheti cha alama, hutiwa sahihi na baba au mlezi. Baba amefariki. Mlezi ni mimi. Bila sahihi yangu masera hawataandika jina lake katika mwaka wa pili, hata awe amepata mia kwa mia, hata asome akiwa amening'inia darini. Utaniletea buletini na mtoto, pamoja, kwa gari la Théodore. Au utatia sahihi wewe? Wewe ambaye huwezi kuandika jina lako bila kutoa ulimi nje?

Gaston

*

Kadutu, 29 Juni 1958

Shemeji Gaston,

Jambo kwako, pole kwa Euphrasie na homa. Ninamutumia majani ya chai na ndizi kwa mukono wa Théodore. Ni yake, usionje. Mvua imekwisha huku, vumbi imeanza. Nkambo anatembea mpaka kanisa na fimbo, na anarudi anasema mabaya ya padri.

Bibiane amepanda. Nambari ya tisa, mu batoto makumi ine na moja. Tangu mwezi ya tano alikuwa anakaa ubavu yangu, bega ku bega, kitabu mu katikati, moto mbele yetu siye babili. M yake inasimama. Ku dikte ya mwisho, ile ya kuandika maneno mwalimu anasema, aliandika «mtoto» na kosa moja, ju aliandika «mutoto». Mademoiselle alikata alama nusu. Nikamuambia Bibiane: haizuru, binti yangu, ku karatasi ya masera andika bila u, mu kinywa yako iache pale iko.

Barua yako niliisomea mama yako, mustari kwa mustari, hata pahali ya ulimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nikuandikie hivi, na nisibadilishe: «Gaston, neno uliisema ni mwezi ya sita, mutoto amepanda, neno imekwisha. Mutoto siyo kiti, habamuazimi ju bageni banakuja. Desturi unayotafsiri ilikuwa mu nyumba yangu kabla haujazaliwa. Bazungu bakiuliza batoto bako wapi, basi, ubaambie kwamba mama yako angali anakungoja wewe.» Ndiyo maneno yake. Alitaka niweke na matusi moja ya luga yetu, Kishi, nikaona karatasi haitoshi.

Lakini buletini ulinitisha nayo, sitakuficha.  Nilijua njia moja tu: kuituma kwako, na ukiishika hutaiacha. Asubuhi ya jana nikavaa kitenge ya kilio, nikaenda kwa masera mukubwa na Bibiane ku mukono. Bamama balikuwa mustari murefu, kila moja na bwana yake ao na kaka yake. Mbele yangu mwanaume moja alitia dole gumba, bakamupa kitambaa ya kupangusa, bakasema asante papa.

Masera akafungua daftari ya buletini. «Bibiane. Amepanda. Nani anatia sahihi?»

 Nilijua nikijibu ataniuliza ingine. Nikatwaa kalamu, ilikuwa pale. Ulimi ilitoka nje, ndiyo, Shemeji, ulijua vizuri. Ile d, na p na h ya katikati, zilinisumbua, nikafikiri nimekwisha. Bibiane alikuwa anasimama upande ingine ya meza, kando ya masera, na niliona midomo yake inatikisika, anafuata herufi moja kwa moja. Ilipofika e ya mwisho akapumua. Nikaweka kalamu.

Masera akageuza daftari, akapiga muhuri, kisha akatazama vizuri. «Mama,» akasema, «hapa kumeandikwa: baba.»

Nikamujibu: «Ndiyo, masera. Nimesoma.»

Adolphine